Jibu kama LVN, usijibu kama zamu ya usiku

Hotuba kwa wanafunzi wa uuguzi wanaozungumza Kiswahili, Texas

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, hamjambo. Nawashukuru walioandaa siku hii, na nawashukuru zaidi nyinyi mliotoka zamu saa moja asubuhi mkaja hapa badala ya kwenda kulala. Nawaona. Wengine bado mna sare za kazi na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Mkisinzia sitasema neno, ila msikorome.

Nimeombwa niongee juu ya NCLEX-PN, ule mtihani wa leseni unaosimama kati ya chuo na kazi. Ukiupita hapa Texas unaitwa LVN, muuguzi mwenye leseni aliye chini ya RN, yule muuguzi aliyesajiliwa. California nao wanasema LVN, majimbo mengine wanasema LPN. Kazi ni ile ile na mtihani ni ule ule.

Nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote yatakuwa ya kulisindikiza. Wengi wetu humu tukianguka, hatuanguki kwa kutosoma. Tunaanguka kwa sababu tunajibu kwa uzoefu wa CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Umekaa miaka kwenye makao ya wazee, unajua nani anapenda chai ya moto na nani humwaga maji kitandani saa tisa usiku. Swali linakuuliza muuguzi afanye nini, wewe unajibu kile mnachofanya kazini. Na mnachofanya kazini ni kile kinachowezekana mkiwa wawili kwenye korido yenye wazee thelathini.

Mtihani haujui kwamba mko wawili. Kwenye mtihani glavu hazijaisha. RN yupo, daktari anapokea simu, ile mashine ya kumnyanyulia mgonjwa ina chaji, na wewe una mgonjwa mmoja tu mbele yako, huyo aliyeandikwa. Usimwongezee ugonjwa ambao hakuandikiwa, na usimpunguzie. Mtihani unataka kujua kitu kimoja: tukikuacha na mtu huyu, atakuwa salama?

Sasa tuuone wenyewe ulivyo, kwa sababu kuna uvumi mwingi unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mtihani unaendeshwa na NCSBN, baraza la bodi za uuguzi za majimbo, ambalo makao yake yako Chicago. Unafanywa kwenye vituo vya Pearson VUE, na tangu 1994 ni wa kompyuta. Una maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, kwa saa tano. Katika yale 85 ya mwanzo, 15 hayahesabiwi, wanayajaribu tu kwa ajili ya mitihani ijayo. Huwezi kujua ni yapi, kwa hiyo usipoteze muda kuyatafuta. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 kila mtahiniwa anapata pia visa vitatu vya wagonjwa, kila kimoja na maswali sita. Ukifikia swali jipya hurudi nyuma. Umejibu, umejibu.

Kompyuta inakupima kwa kupanda na kushuka. Ukipata, linalofuata linakuwa gumu kidogo, ukikosa, linashuka. Ni kama watu wawili wanaopatana bei Kariakoo: huyu anapanda, yule anashuka, mpaka kila mmoja ajue mwenzake amesimama wapi. Kompyuta inakutafutia swali ambalo nafasi yako ya kulipata ni nusu kwa nusu. Ndiyo maana kila anayetoka pale anatoka amekunja uso akisema nimefeli. Mwenye uwezo mkubwa anapewa maswali makubwa, naye anatoka anajiona mjinga. Hisia zako ukiwa kwenye maegesho ya magari si matokeo.

Kompyuta inasimama pale inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari wa kufaulu au uko chini yake. Kwa hiyo ikizima kwenye swali la 85, haina maana umefaulu wala umefeli, ina maana haikuwa na shaka nawe. Na ikiendelea mpaka 140 usianze kulia, bado inakufikiria. Kuna watu walifika 150 na leo wana leseni ukutani.

Saa tano kwa maswali 150 ni dakika mbili kila swali. Nyingi hizo, lakini hesabu yake inaharibika ukikaa dakika tisa na swali moja la dawa usiyoijua. Muda ukiisha hujafika 85, umefeli bila mjadala.

Sasa nataka tukae na mgonjwa mmoja, kwa sababu hapo ndipo kiini cha mtihani kilipo. Mama wa miaka 82, yuko kwenye makao ya wazee, ana moyo uliochoka. Anatumia digoksini, dawa ya moyo, na anatumia furosemaidi ya kupunguza maji mwilini. Leo hakula kifungua kinywa. Anasema ana kichefuchefu. Anasema taa ya dari ina duara la njano. Binti yake hajapiga simu tangu Jumapili. Ulipomsikiliza moyo kwa stethoskopu dakika nzima, ulihesabu mapigo 54. CNA anakuambia, "Huyo mama ndivyo alivyo, chakula cha hapa hakipendi."

Huyo CNA ni wewe wa jana. Na si mwongo, huenda kweli chakula hakipendi. Lakini tazama mtihani unavyotaka ufikiri. Kwanza utambue dalili zilizo na uzito: kichefuchefu, kuona duara la njano, mapigo chini ya 60. Simu ya binti iache, imewekwa kukuvuta. Pili uziunganishe: furosemaidi inatoa potasiamu kwenye mkojo, na potasiamu ikishuka digoksini inakuwa kali mwilini hata kama dozi haijabadilika. Tatu uamue lipi linalowezekana zaidi na lenye hatari zaidi: sumu ya digoksini. Nne upange cha kufanya. Tano ufanye: usimpe dozi ya asubuhi, mjulishe RN au daktari, tarajia vipimo vya potasiamu na vya kiwango cha digoksini kwenye damu. Sita urudi uangalie: mapigo yamepanda? Kichefuchefu kimepungua? Potasiamu iko wapi kati ya 3.5 na 5.0?

Hatua hizo sita ndizo maswali sita ya kila kisa. Hawakuulizi "digoksini ni nini." Wanakuuliza uone, ufikiri, utende, halafu uhakikishe.

Angalia pia kilichokosekana. Sikusema LVN afute dawa. Hana mamlaka hayo. Anaizuia dozi ya sasa na kupeleka habari. Sikusema pia ampe kwanza halafu amwangalie. Kazini unaweza kumkuta mtu anayetoa dawa mbio mbio ili asichelewe, anahesabu mapigo ya mkono kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Kwa digoksini ni pale kwenye moyo wenyewe, dakika nzima. Hapo ndipo uzoefu unapokuuza.

Nihamie kwenye mipaka ya kazi, maana sehemu kubwa kuliko zote ya mtihani iko hapa. Kwenye mwongozo wa 2023, kile kinachoitwa uratibu wa huduma ni kati ya asilimia 18 na 24. Dawa ni kati ya 10 na 16. Usalama na kuzuia maambukizi vivyo hivyo, 10 hadi 16. Ukiona mtu amefunga mwezi mzima na kadi za dawa peke yake, mwambie aangalie hizo namba.

RN ndiye anayempima mgonjwa kwa mara ya kwanza, ndiye anayeandika mpango wa huduma, ndiye anayemfundisha mgonjwa jambo jipya. Mgonjwa ambaye hali yake inageukageuka ni wa RN. LVN anachukua aliyetulia, ambaye kesho yake inatabirika. Anampa dawa za kumeza, anachoma sindano, anasafisha kidonda na kukifunga, anaweka katheta ya mkojo, anakusanya taarifa na kuzipeleka, anarudia mafundisho ambayo RN alikwisha yatoa. CNA anamwogesha, anamgeuza, anampeleka chooni, anapima joto na presha ya aliyetulia, anamlisha asiye na shida ya kumeza. Sikieni hilo la mwisho. Mzee aliyepata kiharusi juzi na leo ndiyo mara yake ya kwanza kupewa uji, huyo hakabidhiwi CNA, hata kama CNA huyo ana miaka kumi na mkono mwepesi. Najua mnanitazama vibaya. Mmewalisha wengi na hakuna aliyepaliwa. Kwenye karatasi, jibu ni hapana.

Mambo ya dripu na dawa za mshipani hutofautiana jimbo kwa jimbo, na hata jengo kwa jengo. Mtihani ni wa nchi nzima. Usiingie na kanuni za hospitali yenu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kinatuponza sisi hasa, sisi tuliolelewa na neno "pole". Swali linakuja hivi. Mama ana kansa ya titi, kesho anafanyiwa upasuaji, anakuambia, "Naogopa sitaamka." Majibu manne. La kwanza: "Usijali, daktari wako ni hodari sana." La pili: "Kwa nini unaogopa?" La tatu: "Shangazi yangu alifanyiwa upasuaji huo huo na sasa yuko mzima." La nne: "Una hofu kwamba hutaamka. Niambie zaidi."

Nimeuliza swali hili kwenye vikundi vingi vya watu wetu, na mkono unaonyanyuka kwa wingi ni wa la kwanza. Kwa nini? Kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kumpenda mgonjwa. Nyumbani ukimkuta mtu analia unamwambia pole, yataisha, Mungu yupo. Ukinyamaza na kusema "niambie zaidi" watu watashangaa una roho gani. Mimi sitawaambia desturi yetu ni mbaya. Ila kwenye mtihani huu "usijali" ni ahadi usiyoweza kuitimiza, na zaidi ya hapo inamfunga mdomo. Ameanza kusema, umemwambia anyamaze kwa upole. "Kwa nini" inamfanya ajitetee kama mtoto aliyevunja kikombe. Ya shangazi inahamisha mazungumzo kutoka kwake kuja kwako. Jibu la nne linampa nafasi aendelee. Basi. Ukiona jibu lenye "usijali" ndani yake, lipite kama unavyopita mtu anayekukopa.

Na jambo la ndugu wa karibu nalo. Kwetu ugonjwa ni wa ukoo. Mtoto mkubwa anapiga simu kutoka Nairobi au Bukavu, anauliza mama ana nini, na unaona ni adabu kumjibu. Mtihani unauliza: mgonjwa ameruhusu? Kama hakuruhusu, hujibu, hata kama ni kifungua mimba. Vivyo hivyo kwenye lugha. Babu anayejua Kiswahili pekee anatakiwa kusaini ridhaa ya upasuaji. Nani atafsiri? Si mjukuu wake wa miaka kumi na nne, na si wewe uliyeitwa kutoka ghorofa ya pili kwa sababu una jina la Kiafrika. Ni mkalimani wa hospitali aliyefunzwa, ana kwa ana au kwa simu.

Kuna walio humu waliosomea uuguzi Kenya, Tanzania au Kongo, wakaja huku wakaanzia chini. Nyinyi mnajua mengi kuliko mnavyopewa sifa. Lakini mna mtego wenu. Sukari ya damu mliisoma kwa milimoli. Huku ni miligramu kwa desilita, zidisha kwa 18. Nne ya kwetu ni kama 72 ya huku, na chini ya 70 ndipo sukari inahesabiwa imeshuka: gramu 15 za kitu kitamu kama atakuwa na fahamu na anameza vizuri, subiri dakika 15, pima tena. Joto ni Farenhaiti. 38 yetu ni 100.4 yao. Uzito unaletwa kwa pauni, gawanya kwa 2.2 kabla hujagusa hesabu ya dawa. Potasiamu peke yake ndiyo iliyotuhurumia, namba yake haibadiliki.

Majina ya dawa nayo yamebadilika njiani. Parasetamoli huku ni asetaminofeni. Salbutamoli ni albuteroli. Adrenalini ni epinefrini, pethidini ni meperidini, glibenklamaidi ni glaiburaidi. Muuguzi mwenye miaka kumi na tano wodini anaweza kukosa swali la pumu kwa sababu hiyo tu. Andika yako kwenye daftari, upande huu na upande ule.

Kuhusu Kiingereza sina maneno mengi. Ni kwa Kiingereza tu, hakuna njia nyingine. Ndugu zetu mliosoma kwa Kifaransa, msome kwa sauti. Na wote: someni swali lenyewe kwanza, ile sentensi ya mwisho, ndipo mrudi juu kwenye hadithi. Swali likiuliza ni kauli ipi inayoonyesha mgonjwa anahitaji kufundishwa zaidi, linatafuta kauli mbovu. Wangapi wamechagua ile nzuri kwa furaha wakaendelea? Wengi mno.

Yale maswali ya "chagua yote yanayofaa" yameleta hofu kuliko yanavyostahili. Zamani ukikosa moja umekosa yote. Siku hizi kila jibu sahihi lina pointi na kila kosa linakupunguzia, lakini huwezi kwenda chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba uchoyo hauna faida na woga hauna faida. Chukua kila chaguo peke yake, liulize kweli au si kweli, nenda linalofuata. Usihesabu umechagua mangapi.

Maambukizi nitayapitia haraka kwa kuwa mnayafanya kila siku. Kifua kikuu, surua na tetekuwanga ni hewani: barakoa ya N95, chumba chenye hewa inayovutwa ndani, mlango umefungwa. Mafua makali, kifaduro, na uti wa mgongo ule wa meningokoka ni matone: barakoa ya kawaida. Yule anayeharisha kwa bakteria wa C. difficile ni mguso, gauni na glavu, na hapa ndipo wanapowanasa wenye haraka: mikono ni kwa maji na sabuni. Ile dawa ya kupaka mikononi iliyoko ukutani, mnayoibonyeza kila mkipita, haiui mbegu za bakteria huyo.

Namna ya kusoma. Maneno ya kusema "soma kwa bidii" siyapendi, mtu anayefanya zamu mbili mfululizo ana bidii tayari. Tatizo ni muda, na muda huo una wadai. Kodi ya nyumba, karo ya mdogo wako Kisumu au Goma, mchango wa msiba kwenye grupu. Kwa wiki sita au nane kabla ya mtihani, kama unaweza hata kidogo, punguza zamu moja kwa wiki na uwaambie nyumbani mapema. Wakilalamika, LVN analipwa zaidi ya CNA, watafidiwa. Na usikae na cheti cha chuo mwaka mzima ukisubiri ujisikie tayari. Anayechelewa huzidi kusahau, na wanaofaulu kwa wingi ni wanaofanya mapema. Kwa waliosoma hapa Marekani na wanaofanya mara ya kwanza, zaidi ya wanane katika kila kumi hufaulu. Wanaorudia, idadi hiyo hushuka sana. Ingia mara ya kwanza ukiwa umejipanga.

Fanya maswali kila siku, machache lakini kwa kuyasoma mpaka mwisho. Ukimaliza soma maelezo ya kila jibu, hata ya yale uliyopata, kwa sababu mengine uliyapata kwa kubahatisha na unajijua. Kwa yale uliyokosa, andika pembeni ulikosa kwa nini. Sikujua. Nilisoma vibaya. Nilikuwa na jibu nikalibadilisha. Nilijibu kama kazini. Baada ya wiki mbili hesabu. Ukikuta "sikujua" ni chache na "kama kazini" ni nyingi, kununua kitabu kingine hakutakusaidia. Mwongozo wa mtihani wenyewe uko bure kwenye tovuti ya NCLEX, pamoja na mafunzo mafupi ya kuonyesha maswali mapya yanavyobonyezwa. Ni ajabu watu wanalipa mamia ya dola kwa wauza kozi kabla ya kufungua kile cha bure.

Na kwa kuwa tumetaja wauzaji. Mnapigiwa simu, najua. Kuna mtu atakuambia ana njia. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika biashara ya diploma bandia za uuguzi, zaidi ya 7,600, kutoka vyuo vitatu vya Florida. FBI ilikadiria kwamba kama 2,400 ya walionunua walifaulu NCLEX. Fikirini hapo: walifaulu, na bado haikuwaokoa. Bodi za majimbo zilianza kufuatilia leseni moja moja. Wapo wahamiaji kama sisi waliouza viwanja nyumbani ili kununua karatasi ile.

Tuje kwenye makaratasi halisi. Unaomba leseni kwa bodi ya jimbo, unachukuliwa alama za vidole, unajisajili Pearson VUE kwa dola 200, bodi ikikukubali unatumiwa barua pepe ya ruhusa ya kufanya mtihani, ndipo unachagua siku. Ruhusa hiyo ina mwisho wake, mara nyingi kama siku 90. Isome. Ikipita unalipa upya. Hapa Texas mna pia ule mtihani mfupi wa sheria za uuguzi za jimbo, nao ufanyeni mapema usije ukabaki unadaiwa huo tu.

Lakini nataka nikae kidogo kwenye majina. Jina la kwanza na la mwisho ulilojisajilia lazima lifanane na lililo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi, na kitambulisho kiwe hakijaisha muda, kina picha na saini. Sasa sisi tunajijua. Mtu ana jina la baba, jina la ukoo, jina la ubatizo, na kila ofisi tangu kambini imeyapanga ilivyotaka. Green card inasema hivi, leseni ya udereva inasema vile, cheti cha chuo kina jina la mume. Wengine pasipoti ilikuwa na jina moja tu, Wamarekani wakakuandikia FNU mbele, yaani jina la kwanza halijulikani, na sasa unaitwa hivyo hadi kliniki. Sina la kuwashauri ila hili: leo jioni wekeni vitambulisho vyote mezani, mchague kimoja cha kwenda nacho, na mjisajili kama kilivyoandika, na makosa yake yote. Kama la chuo halilingani, piga simu bodi kabla hujalipa. Mlangoni pale hakuna wa kumweleza historia ya ukoo. Utarudishwa, na pesa yako itabaki.

Siku yenyewe, fika nusu saa kabla. Watakupiga picha, watachukua saini, utaweka kiganja chini ya mashine inayosoma mishipa. Simu inafungwa kwenye mfuko na huigusi hata wakati wa mapumziko. Utapewa kibao cha kuandikia na kalamu yake, kikokotoo kiko kwenye skrini. Mapumziko yapo lakini saa haisimami. Mimi nasema ichukue ile ya kwanza hata kama hujachoka, kunywa maji, tembea mpaka chooni, rudi.

Matokeo rasmi yanatoka kwa bodi. Kwenye majimbo yanayoshiriki unaweza kulipa dola 7.95 ukaona matokeo yasiyo rasmi baada ya siku mbili za kazi. Ule ujanja wa kujaribu kujisajili upya usiku ule ule ili uone kama mtambo utakukatalia, NCSBN haiutambui. Najua mtaufanya tu. Basi msitumie kadi yenye pesa ndani.

Ukianguka, utatumiwa ripoti inayoonyesha kila eneo: juu ya mstari, karibu nao, au chini yake. Usiichane. Hiyo ndiyo ramani ya kusomea, na ni ya bure. Unasubiri siku 45, unarudi. Na tafadhali mwambie mtu, hata mmoja. Watu wetu wakifeli wanahama kanisa.

Sasa yatosha maneno. Kila meza ina karatasi yenye kisa kimoja, maswali sita. Wakongo msikae pamoja, Wakenya msikae pamoja, changanyikeni, na kila kundi liwe na mmoja aliyetoka zamu usiku huu ili tuone anajibuje. Majibu yako nyuma ya karatasi, na mimi nawajua, msiigeuze. Dakika mbili kwa swali, jumla kumi na mbili. Zinaanza sasa.